Mafuta ya Ghuba na tokeni yako ya stima

Kila tarehe 14 jioni wenye boda, wenye matatu na wanaopikia mafuta ya taa hungoja tangazo moja tu: EPRA imesemaje? Bei mpya huanza saa sita usiku na kukaa mwezi mzima.

Lakini EPRA haiamui mafuta yagharimu ngapi huko yanakotoka. Yale ya Turkana yaligunduliwa 2012, na hayajawahi kufika kwenye pampu zetu. Kiwanda cha Changamwe nacho kiliacha kusafisha mafuta 2013. Kwa hivyo petroli na dizeli huja Mombasa kwa meli zikiwa tayari, nyingi kutoka Ghuba, na hununuliwa kwa dola. Hapo mwananchi anaweza kuumia mara mbili: mafuta yakipanda, au shilingi ikishuka. Julai 2023 VAT ya mafuta ilitoka asilimia 8 hadi 16. Septemba hiyo hiyo petroli Nairobi ikafika shilingi 211.64, mara ya kwanza kupita 200.

"Mimi natumia stima, hayo hayanihusu." Yanakuhusu, ingawa si sana. Stima yetu nyingi ni ya hapa hapa: mvuke wa Olkaria, maji ya Mto Tana, upepo wa Marsabit. Hapo tumejaliwa, tuseme ukweli. Ila mvua ikikosa, mitambo ya mafuta kama ya Kipevu hufanya kazi zaidi, na gharama yake huongezwa kwa kila yuniti. Kuna pia makato yanayofuata bei ya dola.

Sasa fungua SMS za tokeni zako za miezi mitatu. Chukua pesa uliyolipa, gawanya kwa yuniti ulizopata. Kama bei ya yuniti moja imepanda, usimlaumu mtoto bure kwa kuacha TV ikiwaka. Angalia kwanza kama wastani wako wa miezi hiyo mitatu umepita yuniti 30 kwa mwezi, maana ukipita unahamishiwa bei ya juu. Kama hujapita, basi ni yale makato.

Na mwenye boda, hiyo foleni ya usiku wa tarehe 14 ipigie hesabu. Bei ikipanda shilingi 5 na tangi lako ni la lita 10, umeokoa shilingi 50. Abiria wawili uliowaacha stejini walikuwa na zaidi ya hiyo.