Imani ya Mfanyakazi katika Uwezo Wake

Mara nyingi husikika wakuu wa ofisi, za Kanisa na za serikali, wakilalamika kwamba hawana mtu wa kukabidhiwa kazi kubwa. Karani amekaa miaka kumi mahali pamoja, naye bado hupiga hodi kuuliza kama barua iandikwe hivi au vile. Husemwa kwamba hana kipaji. Katika makala haya twakusudia kuonyesha kwamba yawezekana kipaji anacho, ila amekosa imani kwamba anaweza. Na imani hiyo hujengwa au hubomolewa, kwa sehemu kubwa, na yule anayemsimamia.

Jambo hili lilichunguzwa na Albert Bandura (1925–2021), mwanasaikolojia mzaliwa wa Kanada aliyefundisha Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Katika makala yake ya mwaka 1977 alitenganisha mambo mawili tunayoyachanganya: kujua kwamba tendo fulani huleta matokeo fulani, na kuamini kwamba mimi mwenyewe naweza kulitenda. Karani wetu anajua vema kwamba barua nzuri hujibiwa. Asichoamini ni kwamba yeye aweza kuiandika. Wala imani hii si kujiamini kwa jumla, maana mtu aweza kuhutubia mkutano bila hofu, akatetemeka mbele ya daftari la fedha.

Bandura alitaja chemchemi nne za imani hiyo: kufaulu katika kazi yenyewe, kumwona mwenzako akifaulu, kutiwa moyo kwa maneno, na hali ya mwili, kwa kuwa mapigo ya moyo yakienda mbio mtu huyadhania kuwa dalili ya kushindwa. Ya kwanza ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Katika majaribio yake na watu walioogopa mno nyoka, wengine walitazama tu nyoka akishikwa. Wengine waliongozwa hatua kwa hatua hata wakamshika wenyewe. Hao wa pili ndio waliopata imani kubwa zaidi, wakatenda zaidi.

Mwaka 1998 Alexander Stajkovic na Fred Luthans walijumlisha matokeo ya tafiti 114 wakaona kwamba imani hii huambatana na utendaji bora kazini, ingawa uhusiano huo hupungua kazi inapokuwa tata. Basi imani haishiki nafasi ya ujuzi.

Sisi wenyewe tulipokuwa wageni kazini, mkuu wetu alikuwa akitutaka tuandike taarifa, kisha huiandika upya pasipo kutuonyesha alichobadilisha. Hakutukaripia kamwe, alitusifu. Baada ya miezi michache tuliacha kujitahidi. Sifa zake zilisema tunaweza, matendo yake yalisema hatuwezi, nasi tuliamini matendo.

Afadhali karani akabidhiwe kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki kwa mwezi mmoja tu, tena mwezi wenye hundi chache. Msimamizi aketi karibu, lakini kalamu ishikwe na karani. Tofauti ikitokea, asionyeshwe ilipo. Aambiwe ni ya kiasi gani, akaitafute. Mwezi wa pili apewe hesabu yenye hundi nyingi zaidi. Mwezi wa tatu msimamizi asiketi tena karibu naye, bali angoje ofisini mwake mpaka aletewe kazi iliyokamilika.