Elfu tano za Mwalimu ni shilingi ngapi?

Oktoba 22, 1966, wanafunzi wa chuo kikuu jijini Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya utumishi wa lazima wa Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Julius Nyerere aliwasikiliza, kisha akawaka. Zaidi ya wanafunzi 300 walirudishwa makwao, na papo hapo Mwalimu akatangaza kwamba anaukata mshahara wake kwa asilimia 20. Mshahara huo, ambao yeye mwenyewe aliona ni mkubwa mno kwa nchi maskini, ulikuwa Sh5,000 kwa mwezi.

Msimulie kijana wa kidato cha nne habari hiyo uone atakavyokutazama. Sh5,000 kwake ni noti moja yenye picha ya kifaru. Ukiichenji kwa noti za buluu unapata tano, na kila moja ina sura ya Mwalimu mwenyewe. Rais gani huyo aliyelipwa hela ya nauli na chai, na bado akaona zimezidi?

Kijana hana kosa. Kosa ni la sisi tunaoandika vitabu vya historia, kamusi elezo na makala za kumbukumbu, tukadhani kwamba tarakimu inajieleza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi hata iliyomo daftarini inapotea, kwa sababu aliyeiandika hakusema ni fedha ya mwaka gani na ilinunua nini.

Hebu tuzipige hesabu hizo elfu tano.

Njia ya kwanza, wanayoikimbilia wengi, ni ya dola. Shilingi ya Tanzania ilipozaliwa mwaka 1966, dola moja ya Marekani ilikuwa Sh7.14. Kwa hiyo Sh5,000 zilikuwa dola 700. Fahirisi ya bei za mlaji ya Marekani ilikuwa 32.4 mwaka 1966, na mwaka 2024 ilifika 313.7. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, utaona bei zimepanda karibu mara 9.7. Dola 700 zinakuwa kama dola 6,800. Zigeuze kwa kiwango cha mwaka huo, takriban Sh2,600 kwa dola, unapata Sh17.6 milioni.

Hesabu ni safi, ila tumepima mshahara wa Dar es Salaam kwa kapu la mama wa nyumbani wa Chicago. Mkate wake na kodi ya nyumba yake havikuwahi kuuzwa Kariakoo.

Njia ya pili ni kumlinganisha mtu na wenzake wa wakati wake. Mwaka 1966 kima cha chini cha mshahara Dar es Salaam kilikuwa Sh150 kwa mwezi, hivyo Rais alilipwa sawa na vibarua 33. Kima cha chini serikalini kilikuwa Sh370,000 tangu Julai 2022. Kwa kipimo hicho elfu tano zinakuwa Sh12.3 milioni. Julai 2025 kima hicho kikapanda hadi Sh500,000, na mshahara wa Mwalimu ukaruka hadi Sh16.7 milioni kwa usiku mmoja, ilhali mwenyewe yuko kaburini Butiama tangu 1999.

Hakuna jibu la uongo hapo. Kila moja linajibu swali lake, na mwandishi anakosea pale anapompa msomaji jibu na kulificha swali.

Kapu lenye matundu

Mtu atauliza: kwa nini tusitumie fahirisi yetu wenyewe? Ofisi ya Taifa ya Takwimu hupima mfumuko wa bei kwa kapu la bidhaa na huduma ambazo kaya hununua, na kwa miaka ya karibuni hicho ndicho kipimo cha kutumia. Lakini kapu hubadilishwa kadiri maisha yanavyobadilika. Mwaka wa kizio umekuwa 2001, 2010, 2015 na 2020. Anayerudi nyuma hadi 1966 lazima aunganishe vipande hivyo kimoja kimoja, kama fundi wa mabomba, na kila kiungio kinaweza kuvuja.

Kuna tundu kubwa zaidi. Waliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanakumbuka kwamba sukari ilikuwa na bei mbili: ya serikali, ambayo haikuwa na sukari, na ya mlanguzi, ambayo ilikuwa nayo. Takwimu inayofuata bei ya serikali peke yake itakuambia maisha yalikuwa nafuu. Waliopanga foleni dukani tangu alfajiri wana takwimu yao.

Alama na sifuri

Kabla hata ya kufika kwenye mfumuko, namna ya kuandika yenyewe ina mitego. Katika daftari la mkoloni, 5/50 haikuwa sehemu ya hesabu. Ilikuwa shilingi tano na senti hamsini. Mkwaju huohuo ndio unaoishi hadi leo kwenye vibao vya madukani: 5,000/=. Shilingi nazo ni nyingi. Sh100 katika makala inayosomwa Arusha, Nairobi na Kampala ni fedha tatu tofauti, ndiyo maana benki huandika TZS, KES na UGX. Mkenya wa zamani alipotaja pauni, huenda alimaanisha shilingi ishirini tu, na kwa miaka mingi hesabu za serikali ya Kenya ziliandikwa kwa pauni hizo. Ukivuka kwenda Burundi au Kongo, walikosoma kwa Kifaransa, nukta hutenga maelfu: 5.000 ni elfu tano. Mtanzania anaisoma tano kamili.

Halafu kuna sifuri zilizokatwa. Mei 1987 Uganda ilitoa shilingi mpya moja kwa kila mia za zamani. Kongo, iliyowahi kuitwa Zaire, ilizidi: mwaka 1967 faranga 1,000 zikawa zaire moja, mwaka 1993 zaire milioni tatu zikawa zaire mpya moja, mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranga moja ya Kongo. Anayeandika “faranga” bila kutaja mwaka amemwacha msomaji katikati ya mto.

Reli ya TAZARA nayo ina funzo lake. China iliikopesha Tanzania na Zambia yuan milioni 988 bila riba, na reli ya kilomita 1,860 ikakabidhiwa mwaka 1976. Yuan hizo hazibadiliki, lakini kwa dola utakuta kitabu hiki kinasema milioni 400 na kile 500, maana thamani ya dola iliyumba sana baada ya 1971, reli ikiwa bado inajengwa. Kuzikuza kwa kapu la mlaji ni kukosea tena: hakuna kaya inayonunua mataruma na madaraja. Mradi wa taifa unalinganishwa na bajeti au pato la taifa la wakati wake.

Basi mwandishi afanye nini? Aanze na fedha ya asili kama ilivyotajwa, pamoja na mwaka wake. Kisha aweke kando yake kitu cha wakati uleule ambacho msomaji anaweza kukishika: mshahara, gunia la mahindi, nauli ya treni. Akitaka kugeuza, ataje kipimo na mwaka aliofikia, na asiandike senti za kujidai: Sh17,621,419.75 ni ubishoo wa kikokotoo.

Na aliogope neno moja: leo. “Sawa na Sh12 milioni za leo” ilikuwa sentensi nzuri Juni 2025. Ilipofika Julai ilikuwa imeshachacha. Lakini andika hivi: Oktoba 1966 Rais Nyerere aliupunguza mshahara wake kutoka Sh5,000 hadi Sh4,000 kwa mwezi, wakati kima cha chini Dar es Salaam kikiwa Sh150. Yule kijana wa kidato cha nne ataelewa, na mwanawe naye ataelewa, hata kama siku hiyo noti ya kifaru itakuwa haitoshi kununua pipi.