Mwili mkubwa, misuli dhaifu: unene unavyotupunguzia nguvu

Katika mitaa yetu ya Mwanza mtu akinenepa husifiwa. Huambiwa amenawiri, mambo yake yamemnyookea. Bibi harusi akirudi kuwasalimia wazazi baada ya miezi sita akiwa vilevile, mashangazi huulizana pembeni kama huko alikoolewa wanakula. Mume naye akiota kitambi, sifa humwendea mke.

Kwa sisi watu wa Ziwa kuna sababu nyingine, nayo si ya kuchekwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Ng'ambo ya mpaka, huko Rakai nchini Uganda, watu waliuita ugonjwa huo "slim", yaani wembamba. Kwa miaka mingi aliyekonda alitazamwa kwa jicho la shaka. Nani angekubali kupungua mwili halafu majirani wamnong'one? Hofu ile ilikuwa na maana kwa wakati wake, lakini imetuachia dhana kwamba mwenye mwili mkubwa ndiye mwenye afya na ndiye mwenye nguvu.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 uliwakuta wanawake 22 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wakiwa na uzito uliozidi au unene. Ule wa mwaka 2015/16 uliwakuta 28. Tumezoea kusikia kwamba unene huleta shinikizo la damu, kisukari na maradhi ya moyo. Kinachosemwa kwa nadra ni kile unachoifanyia misuli.

Ni kweli kwamba mtu mnene huwa na misuli mingi kuliko mwembamba, hasa ya mapajani, kwani hubeba mzigo kutwa nzima. Ukipima nguvu zake kwa jumla huenda akamshinda mwembamba. Lakini zigawanye nguvu hizo kwa kilo anazozibeba, hesabu inageuka: kila kilo ya mwili wake ina nguvu pungufu. Ndiyo maana anahema kwenye ngazi ambazo mwenzake anazipanda huku akizungumza na simu.

Tazama nyama buchani. Ng'ombe aliyetembea machungani nyama yake ni nyekundu, imeshikana. Aliyefungwa zizini akanenepeshwa, utaona mistari myeupe ya mafuta imepenya katikati ya nyama yenyewe. Kwa binadamu ni hivyo hivyo. Mafuta yakikosa nafasi chini ya ngozi huhamia tumboni, kwenye ini na ndani ya misuli. Misuli iliyoingiwa na mafuta hukaza polepole na kwa nguvu ndogo. Tena mafuta ya tumbo hayakai kimya; hutoa kemikali zinazochochea uvimbe wa chini kwa chini mwilini, na uvimbe huo huharakisha kuvunjika kwa misuli na kuzuia ujenzi wake.

Hapo ndipo kisukari kinapoingia. Baada ya kula, sehemu kubwa ya sukari iliyoingia kwenye damu hupokelewa na misuli, kwa amri ya homoni ya insulini. Misuli iliyojaa mafuta huwa kiziwi kwa amri hiyo, na sukari hubaki ikizunguka kwenye damu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takribani watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari. Wengi tunalaumu soda, na ni haki yake. Lakini misuli isiyotumika nayo ina sehemu yake katika lawama.

Umri huongeza jambo jingine. Kuanzia miaka 30 hivi binadamu hupoteza kati ya asilimia 3 na 8 ya misuli yake kila miaka kumi, na baada ya 60 kasi huongezeka. Mwaka 1989 wataalamu waliupa upungufu huo jina la sakopenia. Hatari ni pale unapokutana na unene, kwa sababu mtu hauoni. Mizani inasoma kilo 85 leo kama ilivyosoma miaka kumi iliyopita, kumbe kilo kadhaa za misuli zimeondoka na mafuta yamekaa mahali pake. Mizani haijui tofauti ya nyama na mafuta, na baibui na kanzu navyo vinasitiri vizuri sana.

Kwa hiyo nguvu ipimwe kwa nguvu. Hapa Mwanza watafiti wamefanya hivyo kwa wagonjwa wa kifua kikuu: pamoja na kuwapima uzito, waliwapa kifaa cha kubana kwa kiganja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba biskuti zenye vitamini na madini ziliongeza uzito na nguvu za kiganja kwa wagonjwa wasio na VVU. Hao walikuwa watu waliokonda, lakini funzo la upimaji ni moja: kilo ni swali moja, nguvu ni swali la pili.

Nyumbani tumia kiti. Kunja mikono kifuani, simama na kuketi mara tano bila kushika kitu. Ikikuchukua zaidi ya sekunde 15, misuli ya mapaja ina udhaifu. Anayeswali ana kipimo kingine kila siku: kuinuka kutoka sijda. Aliyekuwa akiinuka bila taabu, sasa anasukuma sakafu kwa mikono miwili au anatafuta ukuta, asiseme tu "ni uzee". Ruhusa ya mgonjwa kuswali ameketi ipo, na ukurasa huu hauigusi. Tunauliza tu kama magoti yamechunguzwa. Watafiti wamepima wakakuta kwamba kila kilo moja inayopungua huliondolea goti mzigo wa takribani kilo nne kwa kila hatua.

Tiba si kushinda njaa. Anayepunguza chakula bila mazoezi, takribani robo ya kilo zinazoondoka huwa si mafuta, bali misuli na vinginevyo. Na sindano za kupunguza uzito zilizovuma miaka ya karibuni haziponyi tatizo hilo. Mwaka 2017 yalitolewa Marekani matokeo ya utafiti wa wazee wanene 160. Waliopunguza mlo huku wakifanya mazoezi ya kutembea na ya kunyanyua uzito kwa pamoja ndio waliopata nafuu kubwa zaidi katika shughuli zao.

Wakazi wa Mabatini, Igogo na Bugarika wana mazoezi bure kwenye miamba yao, ila siku hizi bodaboda humfikisha mtu karibu na mlango. Shuka chini ya mlima, panda kwa miguu. Mama asiyependa kufanya mazoezi hadharani, ua unatosha: kusukuma ukuta, kuketi na kusimama, kunyanyua dumu la maji la lita tano, siku mbili au tatu kwa wiki.

Misuli hujengwa kwa protini, nasi tumekaa juu yake. Zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa wakavu wanaouzwa Mwaloni, Kirumba, ni protini. Mtu wa kilo 70 anahitaji kama gramu 70 kwa siku akiwa mzee, basi kitoweo kisiwe cha kuonjea mlima wa ugali. Dagaa wachemshwe au waungwe kwa mafuta kidogo, wasiogeleshwe. Futari nayo iangaliwe: sambusa, kalimati, chapati na juisi ya sukari kwa mkupuo mmoja, kisha kulala, ni mwezi mzima wa kunenepa ndani ya mfungo.

Mwenye kisukari anayetumia dawa, au mwenye maradhi ya figo, amuone daktari kabla ya kubadili mlo au kuanza mazoezi. Na mguu au mkono ukilegea ghafla, upande mmoja, usiukande kwa mafuta ya nazi ukisubiri asubuhi. Hicho huenda ni kiharusi. Mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile.