Jembe, Nyumba na Kivuli

Katika kichochoro kimoja nyuma ya soko la Pasua, kata ya bondeni mwa mji wa Moshi ambayo kiangazi huvaa vumbi na masika hujaa tope la maji yashukayo kutoka mlimani, liko banda la fundi mchoraji, na ukutani mwa banda hilo, baina ya makopo ya rangi na vibao vya vinyozi na mama lishe ambavyo wenyewe hawakurudi kuvichukua, umetundikwa ubao mmoja mkongwe usio na neno hata moja lililoandikwa. Upande wa kushoto limechorwa jembe. Upande wa kulia, nyumba. Nilikwenda pale kwa shughuli nyingine kabisa, lakini maadamu ubao ule umekataa kunitoka moyoni hata leo, naona sina budi kuueleza.

Wasomaji waliokwisha kula chumvi watakuwa wameutambua. Tangu uchaguzi wa mwaka 1965 hata ule wa 1990, ilipokuwa nchi ina chama kimoja tu, ada ilikuwa kila jimbo lisimamishe wagombea wawili wa chama kilekile, mmoja akapewa alama ya jembe na wa pili alama ya nyumba, ili hata raia asiyejua kusoma apate kumteua amtakaye bila ya kuongozwa mkono na mtu. Mzee mwenye banda, ambaye mjini hujulikana kwa jina la Fundi tu, alianza kuzichora alama hizo katika uchaguzi wa 1975, akiwa kijana chini ya mwalimu wake wa kazi.

"Mwalimu wangu alikuwa akipima kwa uzi," alinieleza, baada ya kuniitikia shikamoo yangu na kunivutia kigoda. "Akilimaliza jembe, huchukua uzi akapima mpini tangu chini hata juu, kisha akauhamishia uzi uleule kwenye nyumba, kutoka kizingiti mpaka kilele cha paa, viwe sawasawa. Aliniambia, ukilizidisha jembe kwa upana wa kidole tu, jioni watu watakuja hapa kukuuliza ni nani aliyekuhonga. Na rangi ilikuwa moja, nyeusi juu ya nyeupe. Mwanangu, ukiipaka nyumba bati la kung'aa na jembe ukaliacha na kutu, umekwisha kuwapigia kura wenzako."

Nilimwuliza kama alama zenyewe zilikuwa na insafu, kwani katika nchi ya wakulima nani asiyelipenda jembe? Akatikisa kichwa, akakiri kuwa manung'uniko yalikuwapo, na kwamba aliyepewa nyumba aghalabu alitoka na kinyongo. "Lakini walikuwa wakisimama jukwaa moja," akasema. "Wa jembe akasimama akauliza, nani hapa aliyekula leo bila ya jembe? Watu wakapiga makofi. Wa nyumba naye akasimama, akauliza, na hilo jembe likishalima, jioni mnalilaza wapi? Makofi yaleyale. Sasa hapo ikakubidi uwasikilize wamesema nini zaidi ya hayo, kwa kuwa wote wawili wako mbele yako, na hakuna anayeweza kumsingizia mwenzake uongo akaondoka na gari."

Jukwaa hilo moja ndilo lililonishika mimi kuliko alama zenyewe. Kampeni za zama zile ziliandaliwa na chama kwa ajili ya wagombea wote wawili pamoja. Haikuwa ruhusa mtu kuomba kura kwa kabila lake wala kwa dini yake, na sharti hotuba zitolewe kwa Kiswahili, hata mgombea akiwa amesimama Kibosho au Marangu mbele ya shangazi zake waliomlea kwa Kichaga. Na kura ile, pamoja na upungufu wake wote, ilikuwa na meno: mwaka 1965 mawaziri walianguka, mmoja wao akiwa Paul Bomani, aliyeshika Wizara ya Fedha, ambaye wananchi wa Mwanza walimkataa kwa karatasi.

Wala watu wa mlimani hawakufundishwa mambo haya na Uhuru. Mwaka 1960, bendera ya Mwingereza ingali ikipepea, Wachaga walipiga kura wakaamua wawe na rais wa kuchaguliwa badala ya Mangi Mkuu, na Thomas Marealle, waliyemchagua wenyewe kwa taadhima kubwa miaka tisa kabla, akakiacha kiti.

Sitaki msomaji adhani kuwa nazililia zama za chama kimoja. Wagombea wale wawili walichujwa kwanza na vikao vya chama, sheria ya mwaka 1962 ya kuwaweka watu kizuizini bila ya mashtaka ilikuwa ingali hai, na katika kiti kikubwa kuliko vyote hapakuwa na jembe wala nyumba, bali picha ya mtu mmoja na pembeni yake kivuli. Fundi mwenyewe ndiye aliyenikumbusha hilo, na alivyolisema sijasikia likisemwa vizuri zaidi: "Hapana ilikuwapo kwenye karatasi, lakini haikuwa na mdomo. Hakuna aliyeruhusiwa kupanda jukwaani kukisemea kivuli."

Ukaja mwaka 1992 na vyama vingi, ingawa Tume ya Jaji Francis Nyalali iliwakuta takriban raia 80 katika kila 100 wakitaka chama kimoja kibaki. Moshi haikusita. Tangu 1995 hata 2020 jimbo la Moshi Mjini halikupeleka bungeni mbunge wa CCM hata mara moja, na kwa miaka 15 ya kipindi hicho liliwakilishwa na Philemon Ndesamburo wa CHADEMA, ambaye mji ulimpa jina la Ndesa Pesa na ulimlilia alipofariki mwaka 2017. Kwa Fundi hiyo ilikuwa miaka ya neema: alichora kwa kila chama kilichomlipa, kuta za Pasua zikajaa rangi, na vijana wakabishana mpaka usiku barazani kwake.

Kisha kazi ikakatika. Wengine watasema iliuawa na mashine za kuchapa mabango, na kwa sehemu ni kweli, lakini Fundi anayo sababu yake. Novemba 2019, ulipofika uchaguzi wa serikali za mitaa, wagombea wa upinzani nchini kote walienguliwa kwa maelfu kwa hoja kwamba hawakujaza fomu sawasawa, CHADEMA ikajitoa, na CCM ikatwaa zaidi ya asilimia 99 ya viti. "Walikuja hapa na jina moja," alisema. "Nikawauliza, na mwenzake yuko wapi? Wakacheka. Mimi sikucheka, maana nimefundishwa kuchora wawili. Nipe wawili nitapima uzi. Ukinipa mmoja, uzi nipimie nini?"

Nimelifikiri sana swali hilo, na kila nikilifikiri naliona ndilo kiini cha ghadhabu yote niisikiayo katika mji huu, ambako wauza mitumba na madereva wa bodaboda, ukiwatajia mheshimiwa yeyote, hukujibu kuwa wote ni walewale. Si kweli kwamba vijana wa Pasua wameichukia siasa kwa uvivu. Baba zao walikuwa na chama kimoja na watu wawili. Wao wamepewa vyama zaidi ya kumi, na penye kuteua wakamkuta mtu mmoja. Sheria mpya ya mwaka 2024 imeondoa desturi ya kupita bila kupingwa, na sasa mgombea aliye peke yake hupigiwa kura ya ndiyo au hapana; hatua hiyo wengine wameishangilia, bali mimi naona ni kivuli kile kile kimerudi, kimeshuka kutoka kiti cha urais kikaja kukaa mpaka mtaani. Katika uchaguzi wa mitaa wa Novemba mwaka huohuo, CCM ilitangazwa tena kushinda zaidi ya asilimia 98.

Ya uchaguzi mkuu wa Oktoba 29, 2025 hayahitaji maelezo marefu kwa msomaji wa nchi hii. CHADEMA haikuwamo kwenye karatasi, mwenyekiti wake Tundu Lissu alikuwa gerezani kwa shitaka la uhaini, intaneti ilizimwa, damu ya raia ilimwagika, na Tume ya Uchaguzi ikamtangaza Rais Samia Suluhu Hassan kuwa mshindi kwa karibu asilimia 98 ya kura. Nilipomwuliza Fundi juu ya siku ile alinyamaza, akaendelea kusafisha brashi yake kwa mafuta ya taa. Nilipomwuliza kama atapiga kura tena, hakunijibu. Je, ni nani mwenye haki ya kulifuta jina la mtu kabla raia hawajaliona? Na raia akishazoea kufutiwa, ataipata wapi tena shauku aliyokuwa nayo? Sina majibu, na sitaki kuyabuni.

Lakini dawa moja inajulikana, nayo haina gharama kubwa: raia aruhusiwe kugombea pasipo kudhaminiwa na chama chochote, ili vyama visiwe tena ndivyo mlango pekee wa kuingilia na ofisi ya msimamizi wa uchaguzi isiwe ndiyo komeo lake. Mchungaji Christopher Mtikila aliidai haki hiyo mahakamani kwa takriban miaka 20, na Juni 14, 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, kilomita zipatazo 80 kutoka Pasua, ilimpa ushindi na kuiamuru Tanzania irekebishe Katiba na sheria zake. Mtikila alifariki mwaka 2015 Katiba ikiwa vilevile. Novemba 2019, mwezi uleule Fundi alipoletewa jina moja, Serikali iliondoa tamko lililowawezesha raia wa Tanzania kupeleka mashauri yao moja kwa moja mbele ya mahakama hiyo.