Kupinda na Kupinduka: Istilahi za Uthabiti wa Miteremko ya Miamba Tabaka

Mwamba unapoanguka, mara nyingi tunasema kwamba umeporomoka. Kitenzi hicho kinatosha kutaja janga lililokwisha kutokea, lakini hakimtoshi mhandisi anayetaka kulizuia. Yeye hana budi kujua mwamba utaanguka kwa namna ipi, maana kila namna ina hesabu yake.

Tuchukue pande la mwamba lililo peke yake, juu ya kitako kikavu chenye mwinamo wa nyuzi 12. Ikiwa pembe ya msuguano ni nyuzi 30, pande hilo haliwezi kuteleza. Hata hivyo, kama unene wake ni mita 1 na kimo chake mita 6, uwiano wa unene kwa kimo ni 0.17, ilhali tanjenti ya nyuzi 12 ni 0.21. Mstari wa uzito unapita nje ya kitako, na pande litapinduka. Lingekuwa na unene wa mita 3, uwiano ungekuwa 0.5, nalo lingesimama. Kwa hiyo, anayepima msuguano tu aweza kuuita salama mteremko ulio hatarini.

Mwaka 1976, Goodman na Bray walizitofautisha aina za anguko hili katika tabaka zinazoinamia ndani ya mlima. Tabaka ndefu zisizokatwa na nyufa za kukingama hupinda kuelekea bondeni hadi zikavunjika. Zilizokatwa hupinduka pande kwa pande. Hesabu ya aina hii ya pili huanzia pande la juu na kushuka, ikitafuta msukumo ambao kila pande hulipa lililo chini yake. Mapande mafupi ya chini ndiyo yanayouzuia msukumo huo. Anayeyachimbua ili kupitisha barabara anauondolea mteremko mzima tegemeo lake.

Hapa Kiswahili hakina haja ya kukopa. Kutoka mzizi *pind-* tunapata *pinda*; kwa kauli ya kutendua, *pindua*; na kwa kuongeza *-k-*, *pinduka*. Tofauti anayoihitaji mhandisi imo tayari katika mofolojia yetu. Kazi iliyobaki ni ya wanaistilahi: kuyawekea mipaka maneno *mtelezo*, *mpindo* na *mpinduko*, ili kila moja lidokeze tiba yake. Fundi akiambiwa kuwa pana hatari ya mpinduko, ataelewa kwa nini tabaka hufungwa pamoja kwa vyuma: mapande membamba yakishikamana, huwa pande moja nene.