Kuimba Vizuri Hakutoshi

Tangu Pasaka wanakwaya wamekuja kwetu mara tatu na swali lilelile: je, mtu anaweza kuacha masomo ya hapa na kwenda kusoma muziki Kinshasa? Mmoja alisema wazi kama yeye na hesabu hawapatani tena, na ile sauti aliyopewa na Mungu inamtosha. Hatukutaka kumjibu kwa mdomo tu. Tulitafuta habari, na haya ndiyo tuliyopata.

Kwanza jina. Shule kubwa ya muziki na teatri inaitwa konservatwari. Neno hilo limetoka Italia, na maana yake ni mahali pa kuhifadhi. Katika karne ya 16 mji wa Napoli ulikuwa na nyumba za kulea yatima, na watoto wale walifundishwa kuimba ili waimbe kanisani na wapate kula. Kumbe konservatwari za kwanza zilikuwa nyumba za yatima wenye kuimba! Ufaransa ilifungua yake mjini Paris mwaka 1795, na namna hiyo ya shule ikaenea mbali hata ikafika kwetu.

Kwetu ilifika Kinshasa. Mwaka 1967 ilianzishwa pale Konservatwari ya Taifa ya Muziki na Teatri. Mwaka 1971 Serikali iliunganisha vyuo vikuu vyote katika UNAZA, na konservatwari ikapata jina la Institut National des Arts, ndiyo INA. UNAZA ilipovunjwa mwaka 1981, INA ilibaki. Ndani yake wanasoma muziki, teatri, na kazi ya kuongoza mambo ya utamaduni. Basi mtu asifikiri INA ni kwaya moja kubwa. Ni chuo cha juu cha Serikali, sawa na ISP tunayoijua hapa Goma.

Na kwa sababu ni chuo cha juu, kuingia kunataka Diploma ya Serikali. Ndugu yetu wa hesabu, pole sana. Mlango wa kwenda kwenye muziki unapita ndani ya ile eksamen unayoikimbia.

Mpango wa masomo nao umebadilika. Zamani mtu alisoma miaka mitatu ya graduat, kisha miwili ya lisansi. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vya Kongo vimeanza kufuata mpango wa LMD: lisansi miaka mitatu, masta miwili. Kila mwaka una krediti 60, na lisansi nzima krediti 180. Krediti haihesabu tu saa za kukaa mbele ya mwalimu. Inahesabu pia kazi unayofanya peke yako. Kwa mwanafunzi wa sheria hiyo ni kusoma vitabu. Kwa mwanafunzi wa muziki ni kurudilia kipande kimoja cha violini mara mia mpaka majirani wachoke.

Sasa tuseme juu ya masomo yenyewe, maana hapa ndipo wengi wetu tungeanguka. Sisi katika kwaya tunajifunza kwa sikio. Mwalimu anaimba sehemu ya soprano, dada zetu wanarudilia. Anaimba tenor, ndugu wanarudilia. Jioni wimbo umekamata. Ni njia nzuri, na imelea kwaya za mji huu. Lakini konservatwari inaanza na solfeji. Wanakuwekea mbele karatasi ambayo hujaiona hata siku moja, yenye mistari mitano na noti, na wanasema: imba. Hakuna wa kukutangulia. Kuna tena dikte, si ya maneno bali ya muziki: mwalimu anapiga piano, nawe unaandika uliyosikia, noti kwa noti, na urefu wa kila moja. Tulijaribu jambo hilo sisi wenyewe siku ya Jumamosi, kwa wimbo tunaoimba tangu Sunday School. Hakuna aliyeandika mstari wa kwanza bila kosa.

Kisha kuna somo la chombo. Darasani kwetu wanafunzi ni wengi, na asiyefanya kazi yake anaweza kujificha nyuma ya wengine. Somo la chombo ni mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja. Utajificha wapi? Dakika mbili tu, na mwalimu ameshajua kama juma lote hukugusa piano. Eksamen nayo ni ya mbele ya juri: unasimama, unapiga, wanaandika pointi. Kukopia kwa jirani hapana njia.

Wengine watasema: mbona kuna watu waliofika bila shule hiyo? Ni kweli. Orkestra ya Wakimbangu ya Kinshasa ilianzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, aliyekuwa rubani wa ndege. Wapigaji wengi hawakupita konservatwari. Walifanya mazoezi baada ya kazi, walipokezana violini, na kamba ilipokatika walitumia waya wa breki ya baiskeli. Filamu iliyotoka mwaka 2010 iliwaonyesha kwa dunia. Lakini tuangalie vizuri: hata wao ilibidi wajifunze noti. Watu wengi kama wale hawawezi kupiga Beethoven pamoja kwa sikio tu.

Na sikio halidharauliwi. Kule Zanzibar, tangu mwaka 2001 kuna Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kinachofundisha taarab, udi, ganuni na ngoma za kwao. Wazee waliopokea muziki kwa masikio wanafundisha vijana wanaosoma noti pia. Shida yao ni pesa: mwaka 2019 chuo kilitangaza kama kinaweza kufungwa kwa kukosa wafadhili.

Pesa ni shida yetu pia. Kutoka Goma mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1500, na mwaka 2025 tuliona namna gani safari ilivyogeuka taabu uwanja wetu wa ndege ulipofungwa. Mzazi wa hapa Mapendo, mwenye kulipa minervali ya watoto watano, akisema "mwanangu, muziki haiko kazi", tusimwite adui. Tumweleze. Lokua Kanza alizaliwa Bukavu mwaka 1958, akaimba makanisani, akasoma INA, na mwaka 1984 akaenda Paris, ambako ulimwengu ulimjua. Huyo ni mtu wa Kivu hii hii. Lakini tumwambie mzazi pia kama wengi wanaotoka pale wanakuwa walimu na viongozi wa kwaya, na mshahara wao ni wa mwalimu.

Yule ndugu wa hesabu amesoma karatasi hii kabla ya kupigwa mashine. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama mistari ile mitano inahesabiwa kutoka juu ama kutoka chini. Inahesabiwa kutoka chini. Wenye kutaka kujifunza mingine waje Jumamosi saa nane, baada ya kwaya, katika darasa lenye ubao mpya. Kila mtu alete kalamu ya risasi na kifutio, maana makosa yatakuwa mengi.