Sare si Bahati

Aghalabu mchezo wa sataranji unapokwisha sare baina ya mchezaji hodari wa klabu na mwenziwe aliye dhaifu, watazamaji hunong'ona kwamba huyu wa pili amebahatika. Kauli hiyo ni dhuluma. Sataranji haina dadu wala karata za kufichwa. Kete zote zi wazi ubaoni. Palipo na sare, pana aliyeitafuta.

Natutazame hali inayotokea mara nyingi. Hodari amebakiwa na mfalme na askari mmoja ukingoni mwa ubao. Dhaifu amesaliwa na mfalme peke yake. Askari huyo akifika mstari wa mwisho atageuka malkia, na mambo yatakuwa yamekwisha. Lakini mfalme mpweke akiwahi kujibanza katika pembe anayoielekea askari, hakuna wa kumng'oa. Hodari akimsonga hata akose pa kukanyaga ilhali hajashambuliwa, sheria yasema ni sare. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Mizani ya viwango iliyobuniwa na Arpad Elo, ambayo Shirikisho la Sataranji la Dunia liliikubali mwaka 1970, hulitambua jambo hili. Mwenye pointi 1800 akikabiliana na mwenye 1600, hutarajiwa kuvuna takriban robo tatu ya alama. Basi wakitoka sare, aliye chini huongezewa pointi, naye aliye juu hupunguziwa. Wamegawana alama nusu kwa nusu, ila thamani ya nusu hizo si moja.

Je, sisi walimu tunayo mizani kama hiyo? Mwanafunzi aliyepanda kutoka alama 25 hadi 40, na yule aliyeporomoka kutoka 55 hadi 40, huandikiwa katika ripoti neno lile lile: "Jitahidi." Mmoja anakwea mlima, mwingine anateremka, nasi twawapa salamu moja! Huyo anayekwea akikata tamaa, lawama ni ya nani?

Ripoti ya shule haina budi kuonyesha mtoto alikotoka, si alipofika tu. Nanyi wanafunzi, msiisalimishe kalamu kwa kuwa jirani yenu ana sifa kubwa. Mfalme aliyebaki peke yake hajashindwa maadamu angali na pembe ya kuikimbilia, na akili ya kuiona mapema.